Kati ya Darasa la Saba na Miaka Kumi na Minane: Fedha za Serikali na Vijana wa Maruku, Kagera, 1925–2025

Utangulizi

Kata ya Maruku, iliyo kusini mwa mji wa Bukoba, ina taasisi mbili za serikali zinazojulikana mbali kuliko kata yenyewe: kituo cha utafiti wa kilimo, TARI Maruku, chenye dhamana ya utafiti wa zao la migomba, na chuo cha mafunzo ya kilimo, MATI Maruku. Zote mbili ni taasisi za umma. Hata hivyo, kijana aliyekulia katika vijiji vinavyozizunguka, akiishia darasa la saba au akiacha sekondari kabla ya mtihani wa kidato cha nne, hana sifa ya kuingia chuoni hapo, kwa kuwa ngazi ya kwanza ya astashahada hudai cheti cha kidato cha nne chenye ufaulu katika masomo yaliyotajwa. Elimu ya migomba imewekwa mlangoni pake, lakini haikuwekwa kwa ajili yake.

Hali hiyo haikuletwa na uzembe wa chuo wala wa kijana. Makala haya yanajenga hoja kwamba kwa muda wa karne moja fedha za serikali zilizotengwa kwa ajili ya kuwavusha vijana kutoka utotoni kwenda kwenye masomo, ufundi au kazi zimekuwa zikifuata kitu kingine kisichokuwa kijana mwenyewe: shule iliyosajiliwa, zao la kahawa, orodha ya mishahara, au kikundi chenye akaunti ya benki. Kijana aliye ndani ya kimojawapo cha vitu hivyo alifikiwa. Aliye nje, hasa mwenye umri kati ya miaka 14 na 17, alibaki kuwa mzigo wa kaya na wa kibanja cha babake. Mara kadhaa serikali iliuona upungufu huo waziwazi, na mara nyingi ilijibu kwa kusogeza mipaka ya shule badala ya kuunda kasma ya umri huo.

Ruzuku kwa shule, ushuru kwa kahawa

Shule zilifika Buhaya kabla ya bajeti ya elimu. Wamisionari wa Kikatoliki, Mapadre Weupe, waliweka kituo Kashozi mwaka 1892, na Walutheri wa Betheli wakafuata mwaka 1910. Serikali ya Kiingereza ilipoanza kugharimia elimu kwa utaratibu maalumu, baada ya mkutano wa elimu wa mwaka 1925 mjini Dar es Salaam na Sheria ya Elimu ya mwaka 1927, ilichagua njia ya ruzuku: shule ya misheni iliyosajiliwa, yenye mwalimu aliyehitimu na mtaala uliokubaliwa, ililipwa sehemu ya gharama zake. Shule ndogo za vichakani, ambako vijana wakubwa walijifunza kusoma pamoja na katekisimu, hazikuwa na haki hiyo. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki ya kihasibu, kwa maana serikali haiwezi kukagua kila kibanda. Lakini ndio ulioweka kanuni iliyodumu, kwamba anayelipwa ni jengo lenye namba ya usajili.

Chanzo cha pili cha fedha kilikuwa karibu zaidi na wananchi. Chini ya Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926, himaya za Buhaya, Maruku ikiwa mojawapo, zilikuwa na hazina zao zilizotegemea kodi ya kichwa na, kadiri bei zilivyoruhusu, ushuru wa kahawa. Si ajabu basi kwamba siasa za mwanzo za Bukoba zilikuwa siasa za kahawa na shule kwa pamoja. Watu walioanzisha Umoja wa Bahaya mwaka 1924, akiwamo Klemens Kiiza, walikuwa makarani na wakulima wa kahawa, na ni Kiiza huyohuyo aliyeongoza baadaye chama cha wakulima wenyeji katika miaka ya 1930. Mkulima wa Bukoba aliuza kahawa, akakatwa ushuru, na aliweza kuuliza ushuru ule umejenga nini. Chama Kikuu cha Ushirika cha Bukoba, kilichoundwa mwaka 1950, kiliimarisha uwezo wa kuuliza swali hilo.

Isitukuzwe zama hiyo kupita kiasi. Fedha za kahawa zilipata shule za kati na za misheni, na shule hizo zilichuja watoto kwa mtihani wa darasa la nne na tena la nane. Aliyechujwa alirudi nyumbani. Na nyumbani Buhaya kulikuwa na mpangilio wake wa kumpokea: kibanja cha migomba na kahawa hurithiwa kwa kufuata nafasi ya mtoto katika familia. Mrithi mkuu, omusika, ambaye kwa kawaida ni mtoto wa kiume wa kwanza, hupata sehemu kubwa. Wanaofuata hupata pungufu. Na mabinti, kwa mujibu wa taratibu zilizoandikwa katika Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, waliwekwa daraja la tatu na la mwisho, bila haki ya kuuza ardhi ya ukoo. Zuio hilo lilibatilishwa na Mahakama Kuu mwaka 1990 katika shauri la Holaria Pastory lililotokea mkoani humohumo. Kijana ambaye hakuwa omusika, na zaidi binti, hakuwa na cha kungojea. Wengi walivuka kwenda Uganda kutafuta vibarua. Mamlaka za kikoloni zilijua hayo na hazikuyahesabu kuwa suala la elimu.

Umri wa kuanza shule kama sera ya ajira

Baada ya Uhuru, tatizo la wanaomaliza shule ya msingi bila nafasi ya kuendelea lilikuwa kubwa zaidi palipokuwa na shule nyingi, yaani Kilimanjaro na Bukoba. Waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa Machi 1967 unasomwa mara nyingi kama waraka wa falsafa, huku sehemu yake ya kiutendaji ikipitwa haraka. Mwalimu Nyerere aliona kwamba mtoto aliyeanza shule akiwa na miaka mitano au sita anamaliza akiwa mdogo mno kuwa mzalishaji, na akapendekeza umri wa kuanza usogezwe hadi miaka saba. Kwa maneno ya kibajeti, pengo kati ya shule na kazi lingepunguzwa kwa kumchelewesha mtoto mlangoni badala ya kumlipia anapotoka. Ilikuwa njia isiyogharimu chochote, nayo kwa nchi maskini haikuwa ya kipumbavu. Ila ilidhani kwamba mwisho wa njia kuna shamba linalomngoja kila mmoja. Maruku, ambako vibanja vilikuwa vimegawanywa kizazi baada ya kizazi na kuzungukwa na nyasi za rweya zisizozaa bila mbolea nyingi, dhana hiyo ilikuwa dhaifu kuliko katika mikoa yenye ardhi tele.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilileta Elimu ya Msingi kwa Wote, na mwaka 1977 ukawa mwaka wa kufikia lengo hilo. Pamoja nayo vilianzishwa vituo vya ufundi baada ya elimu ya msingi, vilivyokusudiwa kuwa karibu na kila kata, kwa ajili ya useremala, uashi, ubati na sayansikimu. Kwa mara ya kwanza serikali ilimtaja mhitimu wa darasa la saba kama mtu wa kugharimiwa. Vituo hivyo vilitegemea vijiji kwa majengo na Wizara kwa walimu, vifaa vikachakaa bila kasma ya kuvibadilisha, na cheti chake hakikumfungulia mhitimu mlango wa ajira wala wa masomo ya juu. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilivyoanza mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden, Gera kikiwa mojawapo mkoani Kagera, vilidumu zaidi kwa sababu mfadhili alidumu zaidi, ingawa vilibuniwa kwa ajili ya watu wazima wanaotumwa na vijiji vyao.

Mfuatano wa tarehe katika muongo huo unastahili kutazamwa kwa makini kuliko unavyotazamwa katika tasnifu nyingi za elimu. Serikali za mitaa ziliondolewa mwaka 1972. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, kile cha Bukoba kikiwamo, na kahawa ikakabidhiwa kwa mamlaka ya zao. Kwa hiyo, katika kipindi kilekile ambapo idadi ya watoto shuleni iliongezeka kuliko wakati wowote, mifereji miwili iliyowahi kuunganisha kahawa ya Maruku na shule ya Maruku ilizibwa. Mwaka 1978 vita vya Uganda vikaanza katika mkoa huohuo. Kundi la watoto walioandikishwa mwaka 1977 lilifika mwisho wa darasa la saba karibu na mwaka 1984, wakati serikali za mitaa na ushirika vilikuwa ndiyo kwanza vinarudishwa kwa sheria za mwaka 1982, hazina ikiwa tupu na michango ya wazazi ikirejeshwa. Mwaka 1985 ada ya sekondari ikarudi. Si hata mtoto mmoja katika kumi wa darasa la saba aliyepata nafasi katika sekondari ya serikali, na mgawo wa nafasi kwa mikoa, wenye nia njema ya usawa, uliibana zaidi mikoa iliyokuwa na shule nyingi kama Kagera. Jibu la wazazi lilikuwa kujenga sekondari binafsi na za makanisa. Jibu la serikali kwa aliyekosa vyote lilikuwa Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983, iliyowataka wasio na kazi mijini warudi vijijini. Pale ambapo hapakuwa na fungu la kumfundisha kijana, lilipatikana fungu la kumsafirisha.

Mwaka huohuo wa 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera. Matokeo yake kwa suala hili ni ya moja kwa moja: kaya iliyokuwa ikibeba gharama ambayo bajeti haikuibeba ilianza kupoteza wabebaji. Kijana wa miaka 15 akawa, katika nyumba nyingi, mtu mzima pekee mwenye nguvu. Baadaye, kuanzia katikati ya miaka ya 2000, mnyauko wa migomba uliopita Muleba na Bukoba uligusa chakula chenyewe. Kila pigo lilimwondoa shuleni kijana ambaye mfumo wa fedha haukuwa na namna ya kumfuata.

Fedha zinazofuata mishahara

Mabadiliko makubwa ya miaka ya 1990 yalikuwa Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi ya mwaka 1994, iliyounda VETA na kuipa chanzo chake: tozo inayotozwa kwa mwajiri kama asilimia ya mishahara anayolipa. Tozo hiyo ilianzia asilimia 2 na baadaye ikafika 6. Kisha ikapunguzwa hatua kwa hatua kutokana na malalamiko ya waajiri: asilimia 5 mwaka 2013, 4.5 mwaka 2016, 4 mwaka 2020 na 3.5 mwaka 2023. Sehemu ya theluthi moja ndiyo iliyoelekezwa VETA, iliyobaki ikaingia Hazina kwa matumizi mengine. Tangu mwaka 2021 hutozwa mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia kumi; kabla ya hapo kiwango kilikuwa wanne. Mwajiri wa shambani amesamehewa kwa wafanyakazi wanaoshughulika na kilimo pekee.

Maana yake kwa Maruku ni wazi. Kata ya wakulima wadogo haina orodha ya mishahara, na hivyo haichangii mfuko wa ufundi wala haina sauti katika mgawanyo wake. Vyuo vilijengwa kwanza palipokuwa na viwanda na miji. Haki inadai isemwe pia kwamba VETA ndiyo taasisi iliyomkaribia zaidi kijana anayejadiliwa hapa: haimdai cheti cha kidato cha nne, na ada yake ya kozi ndefu, shilingi 60,000 kwa mwaka kwa anayetoka nyumbani na 120,000 kwa anayeishi bwenini, ni ndogo. Katika miaka ya karibuni chuo kikubwa cha mkoa kimejengwa Burugo, Nyakato, katika Wilaya ya Bukoba, kwa msaada wa Serikali ya China. Gharama inayomshinda kijana wa kijijini haimo katika ada. Imo katika nauli, vifaa, chakula, na siku ambazo kibanja kinamkosa. Hizo hazina kasma.

Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi, iliyoanza mwaka 2016/17 chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, ilitumia sehemu ya tozo hiyohiyo kulipia uanagenzi, urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi na mafunzo ya kilimo cha kitalu nyumba. Uanagenzi ulihitaji karakana na kampuni zenye uwezo wa kupokea wanafunzi, na kwa mara nyingine fedha zikaelekea zilipokuwa kampuni.

Mkopo wa asilimia kumi na swali la umri

Upande wa serikali za mitaa, njia iliyobaki ni fungu la mapato ya ndani. Mpango wa kuwatengea vijana na wanawake sehemu ya mapato ya halmashauri una mizizi mwaka 1993. Marekebisho ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 2018 yaliufanya uwe wajibu wa kisheria, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni hapa ambapo kahawa inakutana tena na kijana, na inafaa kupima kukutana huko kwa hesabu. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ya biashara ulishushwa kutoka kiwango cha juu cha asilimia 5 hadi 3. Kahawa yenye thamani ya shilingi 1,000,000 hutoa ushuru usiozidi 30,000. Asilimia 4 ya kiasi hicho ni shilingi 1,200. Punguzo la ushuru lilimsaidia mzazi mwenye kahawa. Kwa kadiri hiyohiyo lilipunguza fungu la mwanawe, kutoka 2,000 hadi 1,200 kwa kila milioni.

Na hata hizo 1,200 si za kijana wa miaka 15. Mkopo hutolewa kwa kikundi kilichosajiliwa cha watu wenye umri wa kuanzia miaka 18. Sera ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 inamwita kijana mtu kuanzia miaka 15. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamwita mtoto hadi atimize 18. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na Mahakama ya Rufani ilipokubaliana mwaka 2019 na hukumu ya mwaka 2016 katika shauri la Rebeca Gyumi, ilithibitisha kuwa kifungu hicho kinapingana na Katiba. Kwa hiyo, binti wa Maruku aliyemaliza darasa la saba akiwa na miaka 14 aliweza kufanya kazi, kuhesabiwa kuwa kijana katika takwimu za sera, na hata kuolewa, miaka mitatu kabla ya kuwa na haki ya kukopa cherehani. Kila sheria ilikuwa na sababu yake. Hakuna aliyeketi kuzisoma zote pamoja kwa macho ya binti huyo.

Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 kutokana na kasoro za urejeshaji na vikundi hewa zilizobainishwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, kisha ikarudishwa mwaka 2024, baadhi ya halmashauri zikiwekwa katika jaribio la kutumia benki. Mjadala wa umma ulikuwa juu ya nani asimamie fedha. Umri wa kuanzia haukuguswa.

Shule kama jibu tena

Kulikuwa na jaribio moja lililompa fedha kijana aliye nje ya shule kwa sababu tu yuko nje ya shule. Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa, MEMKWA, ulianza mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa msaada wa UNICEF katika wilaya tano, Ngara ya Kagera ikiwamo, na ulikuwa na kundi la pili la vijana wa miaka 14 hadi 18. Uliingizwa katika mpango mkubwa wa elimu ya msingi wa mwaka 2002. Ukiwa ndani ya mpango huo, mafanikio yake yalianza kupimwa kwa idadi ya waliorudishwa darasa la kawaida, na kundi la kwanza, la watoto wadogo, ndilo lililofaa kwa kipimo hicho. Kundi la pili halikuwa na darasa la kurudi. Mpango uliokusudiwa kumfuata kijana uligeuka kuwa njia ya kumrejesha mahali ambapo fedha tayari zilikuwapo.

Shule za kata zilizojengwa kuanzia mwaka 2004 na elimu bila ada iliyoanza Januari 2016 zilifanya kazi kubwa kuliko programu zote zilizotajwa, na mtafiti asiyekiri hilo hatendi haki. Serikali ililipa fidia ya ada ya shilingi 20,000 ya sekondari ya kutwa pamoja na ruzuku ya uendeshaji. Waraka wa mwaka 2021 ukawaruhusu kurudi wasichana waliokatisha masomo kwa ujauzito. Idadi ya walio katika pengo ilipungua kwa sababu shule iliongezwa urefu na upana. Ruzuku, hata hivyo, huhesabiwa kwa kichwa cha mwanafunzi aliyesajiliwa. Siku kijana wa Maruku anapoacha kidato cha pili ili akavue sangara au akabebe ndizi sokoni, ruzuku yake haihami naye. Hukoma.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, iliyozinduliwa rasmi mwanzoni mwa mwaka 2025, inaweka elimu ya lazima ya miaka kumi, elimu ya msingi ya miaka sita, na mkondo wa amali katika sekondari. Ikitekelezwa kikamilifu, mtoto anayeanza na miaka sita atabanwa na sheria ya shule hadi karibu na miaka 16. Ni mbinu ileile ya mwaka 1967 iliyogeuzwa: badala ya kuchelewa kuingia, kuchelewa kutoka. Mkondo wa amali unahitaji karakana, walimu wa ufundi, na katika wilaya ya migomba na kahawa unahitaji mashamba darasa na wataalamu. Wataalamu hao wako Maruku tayari, ila wamo katika taasisi zilizo chini ya Wizara ya Kilimo, wakati sekondari ya kata inaendeshwa na halmashauri chini ya TAMISEMI kwa mtaala wa Wizara ya Elimu. Kati ya kasma hizo tatu hakuna iliyoandikwa kumlipia mwalimu wa MATI atembee hadi sekondari ya jirani kufundisha namna ya kung'oa shina lenye mnyauko.

Kwa atakayeacha kabla ya mwaka wa kumi, sera inataja njia mbadala za elimu zinazosimamiwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambazo upanuzi wake kwa sekondari umetegemea kwa kiasi kikubwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 500 ulioidhinishwa Machi 2020 kwa ajili ya mradi wa SEQUIP. Mradi una tarehe ya mwisho. Ushuru wa kahawa hauna.